Yangeyange wa Katikati

Tangu nirudi Ifakara, walimu wenzangu, hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kama China ni kubwa. Mmesimama mbele ya kile kitambaa cha darasani, mmoja mmoja, mkaniuliza kitu kimoja: yangeyange wote mle wamepakwa rangi, wana majani nyuma yao na maji chini ya miguu, sasa yule wa katikati mbona ni mistari mitupu, na kilichopakwa rangi kwake ni mdomo peke yake? Wengine mkaongeza, kwa ile sauti ya ofisi ya walimu ninayoijua, kwamba kwa muda ambao vitambaa hivyo vilichukua kufika ningekuwa nimevichora vyote kwa mkono nikiwa nimekaa barazani. Nawajibu wote kwa maandishi, maana nimechoka kusimulia nusu nusu kila kengele inapolia.

Kwanza niwakumbushe nilichoendea. Huku kwetu ndege mweupe wa mtoni, yangeyange mkubwa, mwenye mdomo wa njano anaitwa yangeyange, na mwenye mdomo mweusi anaitwa mwizi. Mvua zikishika, hao wa mdomo mweusi wanaonekana kwenye miti ya kando ya mto, katikati ya viota, na ukitazama juu unamwona mmoja ameingiza mdomo kiotani huku kifaranga kaning'inia kwenye huo mdomo anatapatapa. Watoto wanakwenda na manati, na wakiangusha mmoja wanasifiwa nyumbani. Ukweli ni kwamba ni ndege yule yule. Ukifika wakati wa kutaga, mdomo wake unatoka njano kwenda weusi, ngozi ya mbele ya jicho inageuka kijani, na mgongoni yanaota manyoya marefu membamba yanayopita mkia. Kifaranga haliwi. Yeye ndiye anayeubana mdomo wa mzazi kwa mdomo wake na kuuvuta chini ili atapikiwe samaki. Anayepigwa jiwe ni anayelisha, na wanaobaki juu wanakufa kwa njaa. Nimewaokota wengi chini ya miti ile na kila mara nimerudi nyumbani na hasira.

Ndiyo maana nilichora ile safu ya picha: ndege mmoja katika mwaka wake mzima, wa mdomo wa njano, wa mdomo mweusi, kiota, mayai ya buluu iliyopauka, kifaranga akivuta mdomo. Kuta zetu zinakula karatasi, kama si unyevu ni mchwa, kwa hiyo tukakubaliana ichapwe juu ya kitambaa kizito kinachoweza kukunjwa na kufuliwa. Kazi hiyo kwa bei tuliyoiweza ilipatikana Guangzhou, nami nikatumwa kuikagua kabla haijapakiwa. Siku ya kuondoka Mwalimu Kasian wa Hisabati aliniuliza mbele yenu kama ni kweli nimemchora mwizi na mwenye nyumba kwenye picha moja. Mlicheka sana. Nami nilicheka, lakini nililiweka moyoni.

Ifakara hadi Dar es Salaam

Hapa sina mengi. Ilikuwa katikati ya masika na barabara ya Kidatu mnaijua. Basi lilizama kwenye tope mara tukashuka, likatoka tukapanda, likazama tena mbele kidogo kana kwamba lilikuwa linatafuta mahali pazuri zaidi pa kuzama. Mama mmoja aliyekuwa na kapu la perege wa kukausha aliniuliza naenda wapi. Nilipomwambia China alinifungia samaki kwenye gazeti, akasema huko wanakula vitu vinavyotembea. Sikutaka kumkatisha tamaa, nikawapokea.

Dar nilifika nimechafuka hadi kwenye nyusi. Dada yangu alinitazama akasema kama nitaingia China hivi watanirudisha.

Dubai

Ndege ya kwanza ilifika Dubai imechelewa, ya pili ikawa imeshaondoka. Tulikalishwa kwenye viti vya chuma kutwa nzima, baridi ya mle ndani ikitutesa wakati nje watu wanaungua. Pembeni yangu alikuwa mfanyabiashara wa Lubumbashi, mwanamke mnene mwenye utulivu, aliyekuwa amekwenda Guangzhou mara nyingi hata hakumbuki. Alitandika kitenge chini, akavua viatu, akanikaribisha.

Nilitoa perege wangu, yeye akatoa mkate na pilipili. Walinzi walitupita wakiziba pua. Aliponiuliza nakwenda kununua nini nikamwambia sinunui, nakwenda kutazama rangi ya mdomo wa ndege. Alitafuna kwa muda. "Ma sœur, dada yangu," akasema, "kule rangi inageuka. Wewe mwenyewe simama pale kwa mashine. Usitume mutu." Niliona ananitisha tu kama wazoefu wanavyowatisha wageni.

Kwa Shamsa

Aliyeisimamia kazi yetu Guangzhou ni Bi Shamsa, Mzanzibari aliyesoma na dada yangu, anayesafirisha vitambaa na vyombo vya nyumbani kwenda Dar na Unguja. Yeye ndiye aliyepeleka michoro yangu kwa mchapaji na yeye ndiye angevibeba vitambaa vyetu kwenye kontena lake. Alinipokea chini ya daraja la barabara kule Xiaobei, mtaa wa Waafrika, akanitazama viatu, akasema: "Ndo viatu ulivyovaa hivyo? Haya, twende." Tulipanda lifti hadi chumba chake, nikakanyaga maboksi kutoka mlangoni hadi kitandani, maana sakafu haikuonekana.

Nimpe haki yake. Alinipikia wali kwa nazi ya kopo, akanipeleka kwa Waislamu wa kaskazini wanaovuta tambi kwa mkono hadi ziwe nyembamba, na hakunidai shukrani. Ila ana haraka ya kudumu. Anakula amesimama, anaongea na simu mbili, na dunia yote kwake ina tarehe moja tu, ya kontena kufungwa bandarini Huangpu. Kichina chake ni cha sokoni: bei, punguza, hakuna, haiwezekani, na neno moja ambalo nililisikia tangu asubuhi ya kwanza kabla sijajua maana yake, yiyang. Nilipomuuliza alisema maana yake sawasawa, kitu cha aina moja. Alisema ndilo neno lililomjengea nyumba Unguja.

Kangle

Kangle ni kijiji kilichomezwa na jiji. Nyumba zimekaribiana hadi mtu wa dirisha hili anaweza kumpa chumvi mtu wa dirisha lile, na kila chumba kina cherehani zinazolia. Njiani huwezi kusimama kushangaa, pikipiki zilizobeba majora ya vitambaa zitakupitia. Pembeni yake kuna mfereji, maji yake siku hiyo yalikuwa ya zambarau.

Karakana ya uchapaji ilikuwa ya mwanamke anayeitwa Bi Chen. Shamsa alimwita laoban, yaani bosi, kama anavyowaita wote. Alikuwa mwembamba, mwenye vidole vilivyokolea wino usiotoka, na kabla hata hatujakaa aliagiza chakula cha kumkaribisha mgeni. Shamsa alikuwa amemwambia kwamba mwalimu anapenda ndege kupita kiasi. Kikaletwa chombo chenye njiwa wa kuoka, wazima, na vichwa vyao, wakinitazama. Bi Chen alinichagulia aliyenona. Shamsa alijitetea kwa dini, kwamba hajui nani kawachinja, na mimi Mkatoliki nikabaki peke yangu na njiwa. Nilimla. Alikuwa mtamu, na hilo ndilo lililoniudhi.

Kisha tukafunguliwa bunda la kwanza. Kitambaa kilikuwa kizuri kuliko nilivyoota. Majani yalikuwa ya kijani kibichi, mayai yalikuwa na ile buluu yake, na shingo zilikuwa na ile kona yake ya katikati ambayo wachoraji wengi huisahau. Kisha nikafika kwenye midomo. Yote ilikuwa ya njano. Ndege wa kawaida alikuwa na mdomo wa njano, ndege wa kiota alikuwa na mdomo wa njano, hata mzazi anayevutwa na kifaranga alikuwa na mdomo wa njano, njano moja safi, haina doa. Manyoya marefu yalikuwepo na uso wa kijani ulikuwepo. Weusi tu ndio uliofutwa, yaani kile nilichokichorea kitambaa kizima. Nikafungua bunda la pili na la tatu, na yote yalikuwa vivyo hivyo.

Nilimwonyesha Bi Chen nakala ya mchoro wangu, nikaweka kidole kwenye mdomo mweusi, kisha kwenye wa njano uliochapwa. Alinisikiliza kwa upole mpaka Shamsa alipomaliza kutafsiri, halafu akakunja uso. Alijibu kwa maneno machache. Shamsa alinieleza kwamba laoban ameshazoea wanunuzi wanaokuja kutafuta kasoro kazi ikiwa tayari, ili wapunguziwe. Kwamba kazi hii imekaguliwa kipande kwa kipande chini ya taa na haina kasoro. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani, kwamba kutokuwa na kasoro ndiyo kasoro yenyewe. Shamsa hakuitafsiri hiyo.

Tulipotoka nje, Shamsa akanivuta mkono. Kwenye ukingo wa mfereji alisimama ndege mweupe, amekunja shingo, anayatazama yale maji ya zambarau. "Si huyo hapo," Shamsa akasema, "mdomo mweusi tii. Mwite laoban umuoneshe, tumalize." Bi Chen alikuwa ametufuata hadi mlangoni na akamwona. Ningekuwa na akili ya biashara ningenyamaza. Lakini yule alikuwa yangeyange mdogo, ambaye mdomo wake ni mweusi mwaka mzima na vidole vyake ni vya njano, na si ndege wangu. Nikamwambia Shamsa aeleze kwamba huyu ni aina nyingine. Bi Chen aliitikia kwa kichwa taratibu. Nilikuwa nimemthibitishia kwa mdomo wangu kwamba mdomo mweusi ni ndege mwingine.

Pazhou

Siku iliyofuata Bi Chen alikuwa kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou, kwenye kibanda cha binamu yake, na Shamsa naye alikuwa na watu wa kuonana nao huko. Tulikwenda kwa treni ya chini ya ardhi, tumebanana na wanunuzi wa mataifa yote, kila mmoja na mfuko wa vipeperushi. Kumbi zile ukiingia huoni mwisho. Shamsa alitembea kwa kasi yake, mimi nikasimama kidogo kutazama taa, na nilipogeuka hakuwepo.

Nilizunguka hadi miguu ikawaka. Hatimaye nikajikuta kwenye ukumbi wa mapambo ya bustani, na mbele yangu kundi zima la yangeyange. Walikuwa wa plastiki, weupe, wamesimama kwa mguu mmoja kwenye majani ya plastiki, na midomo yao ilikuwa ya njano. Mwenye kibanda aliniona nimeganda akadhani amepata mteja. Alinikalisha, akanipa chai, akanipa kikokotoo niandike bei ninayoitaka. Shamsa na Bi Chen walinikuta hapo, kikokotoo mkononi.

Bi Chen alifurahi. Aliwanyooshea kidole wale ndege mmoja baada ya mwingine, njano, njano, njano, kisha akanigeukia mikono imefunguliwa, kama mtu aliyemaliza kesi. Nilikirudisha kikokotoo mezani.

Tulikaa kula wali wa kwenye boksi. Niliendelea kumlaumu Bi Chen, kwa nini mtu abadilishe mchoro wa mtu bila kuuliza. Shamsa aliziweka simu zake mbili kifudifudi mezani, na Shamsa akiacha simu ujue kuna jambo.

"Mwalimu," akasema, "usimtie makosani bure. Miye ndo n'liyemwambia."

Alinieleza huku anachokoa wali asiule. Mfanyabiashara akipeleka oda Guangzhou, kitu cha kwanza anachokazia ni rangi. Usipokazia, bunda moja litakuja na nyekundu tatu, na mteja wa Kariakoo atakurudishia mzigo. Kwa hiyo alipompelekea Bi Chen michoro yangu alisema anachosema siku zote: yiyang, rangi zote sawa, sitaki moja iwe mbali na nyingine. Bi Chen akaikagua ile michoro kwa uaminifu, akaona ndege wale wale na midomo miwili tofauti, akajua hapo ndipo mteja atakapolalamika. Akairekebisha. Shamsa alikuwa hajawahi kuitazama ile midomo. Kwake ndege ni ndege.

Nilikasirika hadi nikaacha kula. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuona wa kumgombeza. Mmoja alikuwa amefanya kama anavyofanya siku zote, na mwingine alikuwa ametii. Nikamuuliza kama vitambaa vinaweza kubaki vikasahihishwa. Shamsa akasema mzigo unakwenda Huangpu kesho, kontena likifungwa limefungwa, na Bi Chen hawezi kurudia kazi kwa neno la mwalimu ambaye mwenyewe amesema mdomo mweusi ni ndege mwingine. Akanishika bega. Akasema watoto wataona ndege wazuri.

Nilimwambia watawaona wazuri, na wataendelea kumpiga mwizi, maana kwenye kitambaa changu mwizi hayumo.

Njia ya Huangpu

Tulikwenda na gari dogo la mizigo la Bi Chen, mabunda ya mwisho yakiwa nyuma, vitambaa vyetu vikiwemo. Yeye alikaa mbele na dereva. Ana desturi ya kuusindikiza mzigo hadi bandarini. Mimi nilikuwa naenda kwa sababu Shamsa hakutaka kuniacha chumbani nikinuna.

Barabara ilikuwa inajengwa, kama kila barabara ya jiji lile. Magari ya makontena yalipanga foleni hadi upeo wa macho, na dereva akazima injini. Upande wetu wa kushoto, kati ya majengo yaliyokuwa bado na majukwaa ya mianzi na winchi zilizosimama juu yake, palikuwa na mabwawa ya samaki yaliyosalia, na migomba kidogo. Bwawa moja lilikuwa limefunguliwa maji. Wanaume waliovaa mabuti walikuwa wanavuta wavu kwenye tope, na pembeni yao, wala hawaogopi, walikuwa yangeyange.

Nilifungua mlango nikashuka bila kuaga. Nilisikia Shamsa akiniita, halafu nikasikia milango mingine ikifunguliwa, maana foleni haikuwa ya kwenda popote.

Walikuwa wakubwa, wangu kabisa. Ule mstari mweusi wa pembe ya mdomo, unaopita chini ya jicho na kutokeza nyuma yake, niliuona bila darubini. Wengi walikuwa wa njano. Wachache walikuwa wa mdomo mweusi, uso kijani, na manyoya marefu yakipeperushwa mgongoni kila upepo ulipopita. Mmoja alisimama kama aliyesahauliwa, kisha shingo ikafyatuka na akatoka na kambale mdogo. Nilimshika Bi Chen mkono, nikamwonyesha mweusi, nikamwonyesha wa njano, nikaunganisha vidole vyangu viwili: mmoja.

Alitazama kwa makini, sikatai. Halafu akainua vidole viwili na kuvitenganisha. Shamsa akatafsiri, ingawa haikuhitajika: aina mbili, kama yule wa mfereji.

Hapo ndipo nilipoishusha mikono yangu. Mtu mzima, mwenye macho yanayotofautisha njano na njano chini ya taa, alikuwa na ndege hai mbele yake, wote kwenye tope moja, na bado aliona wawili. Akilini nilimwona Mwalimu Kasian. Niliwaona watoto wa darasa langu. Hata kama kitambaa kingechapwa sawasawa na mchoro wangu, wangesimama mbele yake wakasema huyu yangeyange, na yule mwizi. Nilikuwa nimechora mwanzo na mwisho, na katikati nikaacha pengo ambalo kila mtu angelijaza kwa anachokijua.

Nikaacha kuongea nikaanza kutafuta. Niliwapitia mmoja mmoja kwenye lile tope, na dereva akapiga honi kwa sababu foleni ilikuwa imesogea, na Shamsa akasema mwalimu tafadhali. Niliyekuwa namtafuta alikuwa nyuma ya wavuta wavu, karibu na migomba. Manyoya yake ya mgongoni yalikuwa mafupi bado. Mdomo wake ulikuwa wa njano kuanzia usoni hadi nusu, na kuanzia nusu hadi ncha ulikuwa mweusi, na pale rangi hizo mbili zilipokutana palikuwa na mabaka, kama rangi isiyokauka.

Sikumwonyesha kwa kelele. Nilimgeuza Bi Chen kwa mabega, nikanyoosha mkono, nikasubiri.

Aliinama mbele. Akasogea hadi ukingo wa tope na viatu vyake vya kitambaa. Honi zikawa nyingi nyuma yetu. Halafu akasema kitu kirefu, akitumia mkono wake kama anavuta wino juu ya fremu ya kuchapia, ambapo kila rangi ina fremu yake, mara moja, kisha mara ya pili akaishia katikati. Shamsa alisikiliza, akacheka kidogo, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya haraka.

"Anasema huyu kashapita fremu ya njano. Ya nyeusi imeishia nusu. Anasema bado yumo kazini."

"Mwambie ndiyo," nikasema. "Mwambie ndivyo hivyo hasa."

Nilitaka kumchora na sikuwa na kitu. Shamsa ana kalamu nene ya kuandikia majina kwenye mabunda, haimtoki mfukoni. Alirarua kipande cha boksi nyuma ya gari akanipa vyote viwili. Kalamu ile haijui kitu chembamba, ndiyo maana mistari yake ni minene vile. Ndege hakunisubiri hadi mwisho. Aliruka, shingo ameikunja, miguu imenyooka nyuma, na miguu nikaimalizia kwa kumbukumbu.

Bi Chen ndiye aliyefungua mlango wa nyuma wa gari. Aliyawekea mkono mabunda ya vitambaa vyetu akamtazama Shamsa, naye Shamsa akayatazama mabunda, akaitazama ile foleni, akatazama simu zake zote mbili. Akasema kwa Kichina neno la kukataa analowaambia watu kutwa nzima, kwamba haiwezekani. Safari hii alikuwa anamaanisha haiwezekani yaende. Huangpu tulifika, mzigo wake mwingine ukaingia kontenani, na nafasi yetu ikajazwa na mabeseni.

Tena Kangle

Mkitaka kujua kwa nini tulichelewa, ni hapo. Vitambaa vilisubiri kontena lililofuata.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuliko maneno yetu yote. Nyeusi huificha njano, kwa hiyo Bi Chen alitengeneza fremu moja tu ya ziada akaipitisha juu ya ile midomo iliyotakiwa kuwa myeusi. Kwa yule wa nusu hapakuwa na nafasi, isipokuwa kile kisanduku cheupe cha katikati nilichowaachia mwandike majina ya ndege kwa Kindamba na Kipogoro. Nilikitoa apate nafasi yeye. Rangi za majani na maji zilikuwa zimeshachapwa, hazingeweza kurudiwa nyuma yake, na kipande changu cha boksi hakikuwa na rangi, kwa hiyo akachapwa kama nilivyomchora. Bi Chen alimpaka mdomo peke yake, njano kisha nyeusi, na yale mabaka aliyaweka yeye mwenyewe kwa kidole kwenye filamu ya kutengenezea fremu. Nilisimama pale kwa mashine, kama yule mama wa Lubumbashi alivyoniambia. Siku ya mwisho nilimwona Bi Chen kwenye meza ya ukaguzi ametenga kipande pembeni, amekikataa. Midomo yake miwili ilikuwa imefanana.

Alitununulia chakula cha kuagana. Alikuwa njiwa tena.

Kurudi

Ndege zote mbili ziliondoka kwa wakati, kwa hiyo hakuna cha kusimulia. Shamsa alinisindikiza akaniambia atanipigia, nikajua hatapiga. Alipiga wiki iliyopita. Nilidhani ni habari za mzigo. Alisema amepita kwenye yale mabwawa njiani kwenda Huangpu na gari halikuwa kwenye foleni, yeye mwenyewe amemwambia dereva asimame. Alitaka kujua kama wale weusi wakimaliza kulea wanarudi njano. Nikamwambia wanarudi.

Lililobaki Mwalimu Kasian ameniruhusu kuliandika. Siku vitambaa vilipotundikwa hakutania hata mara moja, ninyi mkadhani amekasirika kushindwa. Jioni, watoto wakiwa wameondoka, alirudi darasani mimi nikifuta ubao. Alisimama mbele ya kitambaa akaniuliza, bila kucheka, mwizi yuko wapi. Niliweka dasta chini. Aliweka kidole kwenye mdomo wa njano, akakisogeza hadi kwa yule wa katikati, akakisogeza hadi kwa mweusi, kisha akashuka nacho hadi kwa kifaranga aliyeubana mdomo wa mzazi wake. Kidole kikabaki hapo.

"Kwa hiyo wale vifaranga walikuwa wake," akasema.

Nikamwambia walikuwa wake.

Aliniomba kitambaa kimoja cha ziada, apeleke kijijini kwao mwisho wa mwezi. Nilimuuliza kama ni cha shule ya huko. Akasema hapana, ni cha baba yake, aliyemkatia manati yake ya kwanza.